Kishikio cha Kupandia

Kishikio kiling'oka mkononi mwa bibi mmoja mbele ya abiria wote, na kwa bahati mbaya ya nahodha, bibi huyo alikuwa mama mkwe wake. Mguu mmoja ulikuwa bado gatini, wa pili umeshaingia botini, na mkono umeshika kile chuma kinachong'aa pembeni mwa mlango, ambacho kila abiria hukishika akipanda. Kikatoka chote na skrubu zake, kama karoti. Nahodha akamdaka kwa gauni. Wakabaki hivyo kidogo, mkwe ameng'ang'ania gauni, bibi ameng'ang'ania chuma, na watu waliokwisha kukaa hawajui wacheke au wapige kelele. Wakafanya vyote viwili.

Bibi alipopata pumzi, alikitazama kile chuma kwa jicho lake moja, akamkabidhi mkwe wake kwa adabu zote, akarudisha mguu gatini.

"Shika kitu chako, mwanangu," akasema. "Mimi hapa sipandi tena."

Mtu mwingine angesema hizo ni hasira za wazee, zitapoa. Lakini jicho la kushoto la bibi lilikuwa limekufa zamani, na la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekuwa akinenepa kila mwezi. Hospitali ya macho ilikuwa ng'ambo. Nafasi ya upasuaji ilikuwa imesubiriwa mpaka familia ikachoka kuisubiri, na sasa ilikuwa imetoka: Alhamisi ya wiki inayofuata, asubuhi. Ukiikosa unarudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ya mwaka mzima. Kwa barabara ilibidi kuyazunguka maji yote, siku nzima ya mashimo, na mgongo wa bibi haukuwa tena mgongo wa siku nzima. Kwa boti ni safari ya kunywa kikombe kimoja cha chai.

Binti yake ndiye aliyekuwa fundi wa boti hiyo. Gatini kote walimwita Bisibisi, kwa sababu hakuonekana bila bisibisi iliyochomekwa kwenye nywele, hata akienda kwenye msiba. Mumewe aliendesha, yeye alitengeneza, na ndoa yao ilikwenda vizuri mradi hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake.

Siku ile ile ya karoti, Bisibisi alipiga magoti mlangoni mwa boti akachungulia matundu. Boti waliinunua mkononi kwa mtu, na kishikio kile kilikuja nacho. Aliyekifunga alikuwa ametumia skrubu fupi, akapaka silikoni nyeupe juu kama mtu anayepamba keki, akaenda zake. Silikoni ilikuwa imeachia upande mmoja siku nyingi. Maji yakapita humo, yakaingia kwenye ubao uliofichwa katikati ya faiba iliyoundia boti, na ubao ukageuka uji. Alipoingiza kidole kilitoka na kitu cheusi chenye harufu ya tambara lililosahaulika kwenye ndoo.

"Kumbe tulikuwa tunashikilia uji," akasema.

"Usimwambie mama," nahodha akasema haraka.

Lakini mama hakuhitaji kuambiwa. Mpaka jioni alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba boti ya mkwe wake ina mikono ya mkate, ukiishika inabaki kwako. Alisimulia vizuri, akiigiza hata sauti ya chuma kikitoka, na kila aliposimulia alimalizia na neno lile lile, kwamba yeye hapandi. Bisibisi alimsikiliza akiwa jikoni, akauma meno. Hakuwa na hasira na mama. Alikuwa na aibu, na kwa watu wa aina yake aibu ikikaa usiku mmoja inaamka ikiwa hasira.

"Mama," akasema akitokeza mlangoni, "Alhamisi utapanda."

"Nitapanda nikiona."

"Utaona."

"Kwa jicho lipi?" bibi akauliza, na majirani wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kesho yake Bisibisi alianza. Alikwangua uji wote mpaka akafika kwenye ubao mzima, akaukausha kwa feni, akajaza shimo kwa resini iliyochanganywa unga mzito, akaacha igeuke jiwe. Kisha akatoboa matundu mapya katikati ya jiwe hilo, yapenye mpaka chini. Skrubu fupi alizitupa. Safari hii zingekuwa bolti ndefu zinazotoka upande wa pili, na chini yake bati nene la kuzipokea, ili anayevuta kishikio awe anavuta ubavu mzima wa boti. Hapo hakuwa na wasiwasi. Chuma anakijua.

Kilichomkalisha chini ni gundi. Katika banda lao la mabati alipanga bomba zake za gundi sakafuni, akakaa mbele yake kama mtu anayechagua mchumba kwa picha.

Silikoni aliisogeza pembeni kwa mguu. Silikoni ina mahali pake, bafuni na kwenye sinki, lakini pale inapopita inaacha mafuta yasiyoonekana, na baada yake hakuna gundi nyingine inayokubali kushika. Ilibidi apige msasa eneo zima kwa sababu ya yule mpamba keki. Pembeni palikuwa na utepe wa butili, mkia uliobaki kwenye roli, laini, wa kijivu, unaonata kama bazoka iliyotafunwa. Butili haikauki kamwe. Inakaa laini chini ya chuma miaka na miaka, inajaza kila upenyo. Ila haina nguvu hata ya kushikilia kijiko; kazi yote ya kushika inaiachia bolti. Na hapo katikati palikuwa na ile nyeusi, poliurethani, gundi ya wanaume wenye vinyongo. Ile ikishakauka, ukitaka kuondoa chuma unaondoka na faiba.

Bisibisi alijua vizuri kwamba kishikio chenye bolti nne na bati chini hakihitaji kubandikwa. Kinahitaji kuzibiwa maji tu. Alijua pia kwamba ile nyeusi huchukua muda wake kukauka. Lakini masikioni mwake majirani walikuwa bado wanacheka.

"Nataka kitu kisichong'oka mpaka kiyama," akasema peke yake, akachukua ile nyeusi.

Alipaka vizuri, hilo tusimnyime. Alipanua midomo ya matundu kidogo ili gundi ikae kama kola shingoni mwa kila bolti. Aliweka kishikio, akakaza nati kwa vidole na robo ya spana, mpaka gundi ikachungulia kidogo pande zote, akaacha. Hiyo ndiyo siri ya kazi hii, na ndiyo inayowashinda wengi kwa sababu inawataka waache kazi inayoonekana haijaisha. Ukikaza mpaka mwisho siku ile ile, unaikamua gundi yote nje na kubakiza chuma juu ya faiba. Inabidi uiache ishike kwanza, iwe zulia la mpira chini ya chuma, ndipo urudi siku nyingine kumalizia. Alihesabu kichwani, akaona muda unatosha, ingawa kwa kubanana. Akaenda kulala akiwa amechoka na ameridhika.

Nahodha aliamka kabla yake. Alikwenda kukagua boti kama kawaida, akapitisha mkono chini ya mlango, akagusa nati. Ilikuwa imelegea. Akagusa ya pili. Nayo.

Mungu ampe nini mwanaume huyo. Alimwonea huruma mkewe. Akajisemea, maskini, uchovu umemfanya asahau. Akachukua spana kubwa, akazikaza nati zote nne kwa nguvu za mtu anayempenda mama mkwe wake, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Gundi ilitoka kila upande kama dawa ya meno. Akaifuta vizuri kwa tambara na spiriti, asiache hata alama, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

"Nimekumalizia," akamwambia mkewe akimpa chai.

"Umenimalizia nini?"

"Zile nati. Ulizisahau."

Bisibisi aliweka kikombe chini. Akatoka, na nahodha, ambaye alikuwa ameoa muda wa kutosha, aliona afadhali angetukanwa. Alimfuata nyuma mpaka gatini. Mkewe akachota ndoo ya maji, akamwaga juu ya miguu ya kishikio, akalala chali sakafuni mwa boti na tochi mdomoni. Walisubiri. Kwenye ncha ya bolti ya pili kulitokea tone dogo, likanenepa, likamdondokea shavuni.

"Lakini kimekaza," nahodha akasema kwa sauti ndogo. "Hata tembo haking'oi."

"Kilikuwa kimekaza hata cha zamani, siku ya kwanza." Alijifuta shavu. "Maji yataingia, baba watoto. Polepole, bila mtu kuona. Halafu siku moja atakuja mama wa mtu mwingine, ataweka mkono wake hapo."

Nahodha akakaa kwenye kiti cha abiria, spana mapajani.

"Ungeniambia usikaze," akasema.

"Ungeniuliza kwa nini sikukaza."

Hapo wote wawili walikuwa na haki, na hakuna ugomvi mbaya kama huo. Wangeweza kuuendeleza mpaka mchana. Lakini ilikuwa Jumanne, na ile nyeusi, hata wakiipaka upya saa ile ile, isingekuwa imeshika Alhamisi. Bisibisi alichomoa bisibisi kwenye nywele.

"Lala chini ufungue nati," akasema. "Zote."

Walikuwa na bahati moja tu: gundi ilikuwa haijakauka ndani. Aliikata kwa uzi wa kuvulia samaki, akiuvuta huku na huku chini ya chuma, kisha akakwangua, akafuta, akakwangua tena. Ile nyeusi ilimshika vidoleni, kwenye kiwiko, kwenye nywele. Iling'ang'ania kila kitu isipokuwa pale alipoitaka. Na katika kukwangua huko akajikuta anafikiria jambo ambalo angelifikiria siku ile sakafuni mwa banda, laiti majirani wangekuwa kimya. Aliichagua gundi hii kwa hasira. Alikuwa anawajibu watu walioicheka boti yake, na boti haina habari na watu hao. Boti ilikuwa inaomba kitu laini tu cha kuzuia maji.

Mkia wa butili bandani haukutosha hata mguu mmoja. Alikwenda dukani na mikono yake myeusi hivyo hivyo.

"Silikoni ya haraka," mwenye duka akasema kabla hajasalimiwa, kwa kuwa gatini hakuna habari inayochelewa. "Nusu saa tu imekauka. Mama yako anapanda leo leo."

"Nipe utepe wa butili."

"Ule? Ule si wanachukua watu wa vioo vya magari? Haukauki ule, dada yangu."

"Ndiyo maana nautaka."

"Utamshikilia bibi kwa bazoka?"

"Bibi atashikiliwa na bolti nne," Bisibisi akasema. "Bazoka itashikilia mvua. Nenda kaniletee, usinicheleweshe."

Mwenye duka akanyanyua mikono, akaingia stoo, akarudi na roli lenye vumbi. Alilipuliza, akalitoa kwenye mfuko, akanusa. Kwa roho safi kabisa akamwongezea na pakiti ya silikoni, bure, kama atabadili mawazo. Bisibisi aliiacha juu ya kaunta.

Kazi ya butili inataka watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, na ndiyo maana nahodha alijikuta kalala chali tena, safari hii kwa mwaliko. Bisibisi alikata vipande, akavikanda kwa vidole mpaka vikapata joto, akavizungushia shingo za bolti, akatandika vingine chini ya miguu ya kishikio. Akaweka chuma mahali pake. Kisha akashika kichwa cha bolti ya kwanza kwa bisibisi, akaegemea kwa uzito wake wote.

"Mimi nashika, haizunguki," akasema kupitia faiba. "Wewe unazungusha nati tu. Bolti ikizunguka inaichana butili shingoni. Umenisikia?"

"Nimesikia, Fundi." Akitaka amani alimwita Fundi.

"Polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Kama unamkata kucha mtoto aliyelala."

Spana ikaanza kulia chini, kidogo, ikatulia. Butili ikatokeza juu kwa uvivu, utepe wa kijivu kuzunguka chuma.

"Simama. Ya pili."

Waliendelea hivyo, bolti hadi bolti, kisha kurudi mwanzo na kukaza tena kidogo, kisha kuiacha butili ijinyooshe, kisha tena. Hawakuonana. Kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake kupitia unene wa faiba. Labda ni hilo lililomsaidia nahodha, kwa sababu kuna maneno ambayo mwanaume huyasema vizuri zaidi akiwa haonekani.

"Mimi ndiye niliyemwambia ashike pale," akasema kutoka chini.

"Nani?"

"Mama. Siku ile. Alikuwa ananyoosha mkono nimshike, nikamwambia, shika hapo mama, hapo ni imara. Nilikuwa nahesabu abiria." Spana ilinyamaza. "Kila nikifumba macho naliona gauni lile. Lingechanika je?"

Bisibisi aliegemea bolti yake. Alikuwa amemkasirikia mume wake siku nzima, na sasa hasira ilimtoka yote kwa mara moja, akabaki anampenda na mgongo unamuuma.

"Halikuchanika," akasema. "Zungusha nati."

Jumatano walirudi, wakakaza tena kidogo, wakakata butili iliyotokeza. Walimwaga ndoo baada ya ndoo. Bisibisi alilala chini na tochi mpaka macho yakamtoka machozi, akapitisha kidole kwenye kila ncha ya bolti, kikatoka kikavu. Kisha nahodha akakishika kishikio kwa mikono miwili, akainua miguu, akaning'inia pale kama nguo iliyoanikwa. Mpiga debe wa gatini akaja kuning'inia naye. Boti nzima ililalia upande mmoja. Chuma hakikusema kitu.

Alhamisi asubuhi bibi alikuja. Alivaa gauni lile lile la siku ya karoti. Majirani wawili walimsindikiza, mmoja kambebea mkoba, wote wamekuja kuona. Abiria wengine walikuwa wameshakaa. Nahodha alisimama mlangoni, mkono ameunyoosha, na safari hii hakuwa anahesabu mtu.

Bibi hakuuchukua mkono. Aliinama, akakileta kishikio karibu na jicho lake, au jicho karibu na kishikio, akakipapasa. Alipitisha kucha kwenye mstari wa kijivu. Akakishika, akakitikisa. Akakivuta. Akaegemea nyuma na uzito wake wote, majirani wakapiga yowe, na kishikio kikambeba. Alikivuta tena, kwa hasira sasa, kama mtu anayevuta mlango uliofungwa kwa ndani. Nguvu zikamwishia. Akabaki amekishika tu, anahema.

"Umeona, mama?" Bisibisi akasema. "Hakitoki. Hata ufanye nini hakitoki."

"Nimeona." Bibi hakuinua uso. "Nilikuwa natumaini kitatoka."

Mwanzoni Bisibisi alidhani hajasikia vizuri. Aliruka kutoka botini, akaja kusimama karibu naye.

"Hili jicho ndilo nililobaki nalo," bibi akasema taratibu, ili majirani wasisikie. "Sasa hivi naona ukungu. Lakini ndani ya ukungu najua huyu ni wewe. Nakujua kwa hiyo bisibisi yako. Wakikosea kule, hata ukungu sina. Kilipong'oka kile chuma nilimshukuru Mungu. Nikasema, haya, sasa nina cha kuwaambia."

Bisibisi alitaka kusema madaktari ni wazuri, alitaka kusema hawakosei, akaona anataka kupaka silikoni juu ya uji. Akaviacha vyote.

"Na mimi naogopa, mama," akasema. "Tangu tulipopewa hiyo tarehe, silali vizuri."

"Wewe?"

"Naogopa sana. Lakini ukungu nao unaongezeka, unajua. Tukikaa hapa utageuka wenyewe uwe giza, na hatutakuwa tumejaribu chochote."

Mashine ya boti ilikuwa inanguruma polepole, abiria mmoja alitazama saa yake, na nahodha, Mungu amzidishie, hakuurudisha mkono wake.

"Utaingia na mimi kule ndani?"

"Mpaka watakapoufunga mlango. Na nitakaa mlangoni."

Bibi alishusha pumzi ndefu. Akachukua mkoba wake kwa jirani, akaweka mguu mmoja botini, akakishika kishikio kwa nguvu, kisha akauvuta na mguu wa pili. Hakukiachia. Alipooneshwa kiti alitikisa kichwa, akasimama pale pale mlangoni, amekikumbatia.

"Haya, mwanangu," akamwambia mkwe wake. "Ondoa hii boti kabla sijapata sababu nyingine."